Ruger AR-556 ya kawaida au MPR? Majibu ya maswali yenu

Tangu niseme hapa kwamba huku Texas nawinda nguruwe pori na AR ya bei nafuu, yaani bunduki ndefu ya mtindo wa AR-15, maswali yamekuja mengi kweli, nimechukua haya machache yanayojirudia.

Bro, AR-556 ya kawaida na hiyo MPR si bunduki ileile tu, mbona bei tofauti?

Familia moja ya kampuni ya Ruger ila hazifanani kazi, MPR ni kifupi cha Multi-Purpose Rifle, bunduki ya kazi nyingi. Ya kawaida ilitoka 2014, mtutu inchi 16.1, uzito kama pauni 6.5, ina saiti (kile cha kulengea) ya mbele imefungwa kwenye mtutu na ya nyuma ya kukunja, kwa hiyo ukiitoa boksini unaweza kulenga siku hiyohiyo. MPR ina mtutu wa inchi 18, kishikio cha mbele kirefu kisichogusa mtutu, kitako na mpini wa kampuni ya Magpul, na trigga nzuri sana ya hatua mbili ya pauni 4.5. Sasa hapo kwenye kishikio ndo penye utamu. Kwenye ile ya kawaida plastiki ya mbele imeshikana na mtutu, ukiegemeza bunduki kwenye begi au ukivuta mkanda kwa nguvu unausukuma mtutu kidogo na risasi inahama, MPR haina shida hiyo. Na bomba lake la gesi, lile linalorudisha gesi ya risasi nyuma kuendesha mitambo, ni refu, gesi inafika nyuma imeshapoa hasira, bunduki inakusukuma pole. Ubaya wake, ile breki ya mdomo wa mtutu, ya kupunguza msukumo, ina kelele balaa, jamaa wa meza ya pili pale kwenye uwanja wa shabaha atakuchukia. Na haiji na saiti, lazima ununue darubini.

Si ninunue ya kawaida halafu nibadilishe vitu kidogokidogo kila mshahara?

Aisee hapa ndo nilipoliwa mimi. Nilinunua ya bei ya chini ya kampuni nyingine, mwezi wa kwanza nikabadilisha kitako, wa pili trigga, halafu nikataka kishikio kirefu nikakuta saiti ya mbele imepigiliwa pini kwenye mtutu na bomba la gesi limepita mle, fundi kalipwa, kishikio kimelipwa, nikipiga hesabu nimeshapita bei ya ile ambayo ingekuja na vyote. Kama unajua kabisa utataka darubini na kishikio kirefu, nunua iliyokuja hivyo. Kama unataka ya kujifunzia na ya kutembea nayo shambani, ya kawaida inatosha, pesa iliyobaki nunua risasi, risasi ndo mwalimu.

Na Smith & Wesson je, Sport II au Sport III?

Sport II, bunduki ya kampuni hiyo, ni mshindani wa ile Ruger ya kawaida, saiti zipo, kila kitu kipo. Tofauti ninayoiangalia mimi ni mizunguko ya mifereji ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi: Sport II inazungusha risasi mara moja kila inchi 9, Ruger kila inchi 8. Kwa risasi nyepesi za greni 55 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) hutaona kitu, ila ukianza kupenda zile nzito za greni 77 utataka inchi 8. Sport III iliyotoka 2024 wameweka inchi 8, kishikio kirefu kisichogusa mtutu, na gesi ya urefu wa kati, ila saiti wameondoa. Kwa mtutu wa inchi 16, kati ya zote hizi mimi ningechukua hiyo.

Kaka, .223 na 5.56 ni kitu kimoja? Na 300 Blackout?

Hizi ni aina za risasi, bunduki iliyoandikwa 5.56 inapiga .223 na 5.56 zote mbili. Iliyoandikwa .223 peke yake usiiwekee 5.56, presha yake ni kubwa zaidi. Ila kinachoniogopesha ni 300 Blackout. Ni nzuri kwa nguruwe wa karibu na Ruger wanaitengeneza, lakini ganda lake limetokana na la .223 na magazini (visanduku vya kujazia risasi) ni zilezile, kuna risasi zake zinaweza kuingia kwenye bunduki ya 5.56, ukivuta trigga inapasuka usoni kwako. Ukiwa nazo zote nyumbani weka magazini za rangi tofauti, na usibebe zote mbili safari moja.

Nina grinikadi, nitauziwa?

Ndiyo, mradi huna kizuizi kingine. Unajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia bunduki, dukani wanakuangalia rekodi. Viza ya kutembea au ya masomo ni habari nyingine, kwa kawaida hairuhusiwi. Pia angalia jimbo, California, New York, Illinois na Washington wana marufuku zao kwa bunduki za aina hii. Huku Texas tangu 2019 nguruwe pori kwenye shamba la mtu unawinda bila leseni ya uwindaji mwenye shamba akikuruhusu.

AR si maana yake bunduki ya kivita?

Hapana dada, ni ArmaLite, kampuni iliyoibuni miaka ya 1950, Colt wakanunua haki zake 1959. Hizi za dukani ukivuta trigga mara moja inatoka risasi moja.

Nikirudi Mwanza naweza kuja nayo kwenye kontena na friji?

Wee! Leta friji.