Muulize Shangazi: Maharage, kupaka na chapati kutoka Aldi na Lidl

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu anaishi Ujerumani au jirani yake, kipato ni kidogo, duka la bei nafuu kama Aldi au Lidl liko mtaani kwake, naye anataka kula chakula cha kwao. Mimi ni mtu wa Tanga ninayekaa Essen, na maduka haya ndiyo sokoni kwangu. Nimechagua barua tano.

*Shikamoo Shangazi. Nimekuja Dortmund kusoma. Duka la vyakula vya Kiafrika liko mbali na bei zake zinaniumiza. Karibu na hosteli kuna Aldi na Lidl, lakini nikiingia naona mikate, soseji na jibini tu. Ninunue nini humo nipike chakula ninachokijua? – Mwanafunzi, Dortmund*

Marahaba mwanangu, na pole na baridi. Ukiingia pita mikate, pita soseji, nenda moja kwa moja kwenye makopo na nafaka. Chakula chako kiko hapo.

Anza na maharage. Kopo la Kidneybohnen la gramu 400 ni maharage mekundu yaliyokwisha kuiva. Soma nyuma ya kopo: mengi yametiwa sukari pamoja na chumvi, ndiyo maana watu wanalalamika kwamba maharage ya Ulaya ni matamu. Mwaga maji yake yote, suuza kwenye chujio mpaka povu liishe. Kaanga kitunguu kwa utulivu mpaka kilainike na kuanza kupata rangi, tia kitunguu saumu, karoti ya kukwaruza na nusu kopo la nyanya. Nyanya zikiachia mafuta ndipo utie maharage na kikombe cha maji. Ponda kiasi cha vijiko viwili vya maharage kwenye ukingo wa sufuria ili mchuzi ushikane, acha yatokote robo saa, malizia na tui. Makopo mawili yanakulisha siku mbili, na ya siku ya pili ni matamu zaidi.

Siku ukipata maharage makavu kwenye duka la Waturuki, yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, kisha yachemshe kwa moto mkali dakika kumi kamili kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayoharibu tumbo, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Wanafunzi wanaopenda zile sufuria za umeme za kupika polepole wasikie hapo.

Mboga: nenda kwenye majokofu. Blattspinat ni majani matupu ya spinachi yaliyogandishwa, na ndiyo mchicha wako. Iliyo pembeni yake, Rahmspinat, imekwisha tiwa krimu, iache. Blattspinat iyeyushe, ikamue maji kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote, kisha uiunge. Usipoikamua utakula supu ya kijani. Kuanzia Novemba utaona Grünkohl, majani yaliyojikunja kunja. Hiyo ni ndugu wa sukuma wiki. Ikate nyembamba na uipe muda mrefu zaidi jikoni. Kabichi nyeupe ipo mwaka mzima na inakaa wiki kadhaa kwenye friji bila kulalamika.

Sasa ugali, maana najua ndilo swali lenyewe. Polenta ya humo ni mahindi ya njano yaliyosagwa kwa chenga. Ukiipata ya kawaida utasonga ugali wa njano wenye chenga, unalika vizuri na maziwa au dagaa. Ila nyingi zinazouzwa zimepikwa kwanza kiwandani, zile zilizoandikwa kwamba zinaiva kwa dakika chache, na hizo hazishikani kama ugali. Wengi wetu huku tunasonga Weichweizengrieß, semolina ya ngano laini, inayouzwa kwa pakiti ya nusu kilo na ni rahisi mno. Chemsha vikombe viwili vya maji, nyunyiza kidogo kidogo huku unakoroga, endelea kuongeza hadi mwiko uwe mzito mkononi, kisha funika dakika tano moto mdogo. Si sembe, na ladha yake ni ya ngano, lakini unamegeka, unabonyea, unachota mchuzi.

Mchele ununue wa pakiti ya kilo. Ule wa kwenye vifuko vidogo vya kuchemshia, Kochbeutel, unaulipia plastiki. Na jizoeze kutazama maandishi madogo kwenye lebo ya rafuni: sheria ya Ujerumani inawalazimisha waandike bei ya kila kilo au lita. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha, si ile kubwa iliyokolezwa.

*Shangazi, salaam. Kila nikipika samaki wa nazi kwa kopo la tui, tui linakatika au mchuzi unakuwa maji maji. Mume wangu ni mtu wa Lamu na haniambii kitu, lakini naona anavyokula. Kuna kopo zuri Lidl au Aldi, au niache tu? – Mama Hamburg*

Usiache, mwanangu. Geuza kopo usome vitu viwili: asilimia ya nazi na gramu za mafuta. Kopo lenye mafuta gramu 17 au zaidi kwa kila mililita 100 ni tui zito, kasimile yetu. Lile lililoandikwa "light" lina mafuta chini ya nusu ya hapo. Hilo ni tui la pili kwa bei ya la kwanza, na maji unayo bombani. Ukifungua ukakuta mafuta yameganda juu na maji yako chini, furahi. Chota yale ya juu uyaweke bakuli lake, ya chini bakuli jingine. Sasa una tui zito na tui jepesi, kama ulivyokuna nazi mwenyewe.

Kukatika kunaletwa na moto mkali na ukali wa limau au nyanya mbichi vikikutana na tui kabla ya wakati. Kwa hiyo nyanya ziive kabisa kwanza, mpaka zisagike. Tia tui jepesi, koroga bila kuacha hadi lichemke. Tui zito linaingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na limau linaingia baada ya kuepua.

Kuhusu samaki: vile vipande vyeupe vya Alaska-Seelachs ni rahisi lakini vimejaa maji na vinavunjika. Kama ndivyo ulivyo navyo, viyeyushe kwenye friji usiku, vikaushe kwa karatasi ya jikoni, vipake chumvi na manjano, uvikaange juu juu kabla ya kuvitia kwenye mchuzi. Kwa mtu wa Lamu mimi ningemtafutia samaki mzima. Kwenye majokofu hayo hayo huwa kuna forelle nzima. Ni samaki wa maji baridi, si changu wala tasi, lakini ana ngozi ya kushika moto.

Mchanje mbavuni, mpake chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na limau, mwache saa moja. Mwoke chini ya moto wa juu wa oveni mpaka ngozi ivimbe na kuungua hapa na pale. Pembeni, pika tui zito na nyanya iliyosagwa, manjano, pilipili na chumvi hadi lizidi kuwa zito na kushika mwiko. Liepue, kamulia limau, kwa kuwa ukwaju hutaupata dukani humo. Mpake samaki, mrudishe motoni, akikauka mpake tena, umgeuze, upake upande wa pili. Usiwe na haraka kwenye kupaka. Samaki wa kupaka utamu wake uko kwenye ile tabaka ya tatu.

Nitakupa na jambo jingine la siku ya kazi. Makreli wa moshi anayeuzwa kwenye pakiti iliyobana, sehemu ya friji, ni karibu sana na samaki wa moshi wa kwetu. Mbanue, toa miiba, mtie kwenye mchuzi wa nazi dakika tano za mwisho. Chumvi usiweke kabisa mpaka uonje, maana ameshatiwa.

*Shikamoo. Mimi ni Mwislamu, Kijerumani changu ni kidogo. Nimenunua nyama ya kusaga kwa ajili ya sambusa, jirani akaniambia ina nguruwe. Najuaje? – Msomaji, Stuttgart*

Marahaba. Pakiti ikiandikwa "gemischtes Hackfleisch" ni mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe. Ya ng'ombe peke yake ni "Rinderhackfleisch". Neno la kukimbia ni "Schwein" popote linapotokea, na linatokea mahali usipodhania: peremende na baadhi ya vitamutamu vina "Speisegelatine" ambayo mara nyingi ni ya nguruwe, na "Schmalz" ni mafuta ya mnyama, kwa kawaida nguruwe.

Tena Rinderhackfleisch ya humo ni ng'ombe, lakini hiyo haimaanishi kachinjwa kwa njia ya halali. Kama unashika hilo, na naona unashika, nyama nunua kwa mchinjaji wa Kituruki au Kiarabu, unga na vitunguu vya sambusa nunua Aldi. Siku fedha ikipungua, tengeneza sambusa za adesi: gramu 250 za Tellerlinsen, zichemshe zisipasuke, zichuje zikauke vizuri, ukaange na kitunguu kingi, bizari nyembamba, pilipili mbichi na kotimiri. Hazihitaji kuombewa radhi mezani.

*Shangazi, pilau yangu imetoka na harufu ya mkate wa Kijerumani! Nimefuata kila kitu. Viungo nilinunua vyote Lidl. – Msomaji, Köln*

Ulichotia ni Kümmel. Mbegu zake zinafanana na bizari nyembamba kwa umbo, lakini hicho ni kiungo kingine kabisa, ndicho wanachotia kwenye mikate na kabichi. Bizari nyembamba, jira, kwenye chupa huandikwa Kreuzkümmel, wakati mwingine Cumin. Iliki ni Kardamom, karafuu ni Nelken, mdalasini ni Zimt.

Ila kwa viungo, mwanangu, sikushauri duka la bei nafuu hata kidogo. Vile vichupa vina gramu chache, na ukitazama bei ya kilo utashangaa. Kwa fedha ya vichupa viwili, muuzaji wa Kihindi au wa Kituruki anakupa mfuko wa kupikia pilau mwaka mzima, tena bizari nzima nzima unayoikaanga na kuitwanga mwenyewe. Kitunguu, viazi, mchele wa basmati, mafuta: Lidl. Harufu: kwingine.

*Shikamoo Shangazi. Nipo Vienna. Chapati zangu zinakauka kama kadibodi kabla hatujamaliza kula. Unga natoa Hofer. Ni unga au ni mimi? – Baba wa watoto watatu*

Marahaba baba. Kwa wasiojua, Hofer ndiyo Aldi ya Austria. Familia ya Albrecht iliyoanza biashara hapa Essen, mtaa wa Schonnebeck, mwaka 1913 imefika hadi huko kwenu. Unafuu wao unatokana na kuuza bidhaa za aina chache, nyingi zikiwa za chapa yao wenyewe, na kuziacha ndani ya maboksi yake rafuni bila mtu wa kuzipanga moja moja. Unga ni mmoja wa bidhaa wanazozifanya vizuri, kwa hiyo tusiulaumu unga wote.

Tazama namba. Ujerumani kuna Typ 405 na 550, kwenu Austria huitwa W480 na W700. Namba inaonyesha madini yaliyobaki kwenye unga. Ya chini ni unga mweupe laini wa keki, ya juu kidogo una nguvu zaidi ya kuvutika. Chapati nazipendea 550, kwa hiyo wewe chukua W700.

Kwa nusu kilo ya unga tia kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikubwa vitatu vya mafuta, usugue kwa viganja mpaka unga uwe kama mchanga wenye unyevu. Maji yawe ya moto kiasi cha mkono kustahimili, mililita 300, uyatie kidogo kidogo. Kanda dakika kumi bila kuongeza unga hata donge likinata, kwani unga wa nyongeza ndio unaokausha. Lifunike nusu saa. Kata madonge, sukuma, paka mafuta, kunja, zungusha, na yapumzike tena robo saa kabla ya kuyasukuma mara ya mwisho.

Chuma kiwe cha moto kweli. Moto mdogo unaikausha chapati kabla haijaiva, na hapo ndipo kadibodi inapotoka. Geuza ikishika madoa, paka mafuta, geuza tena, toa. Kila inayotoka iweke juu ya mwenzake ndani ya taulo safi, ufunike kwa sufuria. Mvuke wao wenyewe utazilainisha.

Zikibaki, zigandishe siku hiyo hiyo huku ukiweka karatasi ya kuokea katikati ya kila chapati. Asubuhi watoto wakiamka unaitoa moja moja na kuirudisha kwenye chuma ikiwa bado na barafu. Dakika mbili, na chai iwe tayari.