Jibu: Sandwichi ya yai inalowana kabla ya saa nne

Habari za asubuhi dada. Umesema unafunga sandwichi ya yai na nyanya saa kumi na mbili, ukiifungua kazini saa nne mkate umelowa na unakatikia mkononi. Yalinikuta hayo hayo.

Anza na nyanya. Mimi nililaumu yai muda mrefu, kumbe maji mengi yalitoka kwenye nyanya. Zikate, ondoa mbegu na ute wake kwa kidole, nyunyiza chumvi, ziache dakika 10 kwenye sahani iliyoinama. Utaona dimbwi. Limwage, zifute.

Mkate wa jana unafaa kuliko wa leo. Choma slesi upande wa ndani tu kwenye kikaango kikavu, zikipoa paka siagi mpaka pembeni kabisa, maana mafuta ndiyo yanazuia maji. Usibane siagi hapo!

Yai nalo likae pembeni kwanza lipoe. Ukilifunga likiwa linafuka, mvuke unageuka maji ndani ya kontena. Sandwichi yenyewe ifunge kwa karatasi, siyo nailoni. Kama ofisini kuna friji, iweke humo ukifika tu, joto hili halichezewi.

Kuhusu kushiba, mayai mawili na soseji hayanifikishi mchana. Nachukua maharage yaliyobaki usiku, nayaponda, nayakaanga na kitunguu mpaka yakauke, nayapaka slesi ya chini. Parachichi bado halijanikubali, kila nikiliweka linageuka jeusi. Mwenye ujanja wake atuambie.