Programu ya kuorodhesha mafaili inapogoma kwenye Windows ya zamani

Juzi msomaji mmoja aliniandikia akiwa amekata tamaa. Ametengeneza programu ndogo inayoita dir, amri ya Windows ya kuorodhesha mafaili, inasoma majibu yake na kuyapanga kwenye orodha. Kwenye Windows XP inakwenda vizuri. Kwenye Windows 98 majina yanakaa penye tarehe na ukubwa wa faili haujulikani uko wapi. Ugonjwa huo naufahamu vizuri.

Niliukuta kwenye ofisi moja ambako mafundi walionitangulia walishatoa hukumu: mashine imezeeka, inunuliwe nyingine. Nilipoomba nafasi ya kuikagua, niliambiwa mbele za watu kwamba napoteza muda. Neno lile linaniuma hadi leo, sifichi. Sikugusa msimbo kwanza. Niliandika dir /-w > c:\majibu.txt (/-w inazuia orodha ya upana, na alama ya > inapeleka majibu kwenye faili) kwenye mashine mbili, moja ya XP na moja ya 98, nikayasoma majibu mstari kwa mstari. Kwenye XP mstari unaanza na tarehe, inafuata saa, kisha ukubwa, na jina liko mwisho. Kwenye 98 linatangulia jina fupi la mtindo wa DOS, mfumo uliotangulia Windows: herufi zisizozidi nane na kiambishi cha herufi tatu, ndipo vije ukubwa, tarehe, saa, na jina refu lifunge mstari. Faili la RIPOTI YA MWAKA.DOC linatangulia kama RIPOTI~1. Mashine ilikuwa inajibu sawasawa kabisa. Programu ndiyo ilisoma safu isiyo yake.

Kukawa na la pili. Ndani ya AUTOEXEC.BAT ya mashine ile ya 98, faili la amri zinazoendeshwa mashine inapowaka, kulikuwa na mstari SET DIRCMD=/W. Kigezo hicho kipo tangu MS-DOS 5 ya mwaka 1991, na kinaibadilisha dir kimyakimya: majina yanapangwa kwa upana, tarehe na ukubwa havionekani. Nilikifuta kwa set DIRCMD= mwanzoni mwa faili la bechi (faili la amri zinazofuatana) linaloendesha programu, orodha ikatoka safi. Waliosema napoteza muda walinyamaza, na mashine ile iliendelea na kazi.

Ndugu zangu, tuache kulaumu umri wa mashine kabla hatujasoma inachotuambia. Fundi anayekimbilia kusema nunua mpya hajafanya kazi yake. Soma majibu ghafi. Yasome tena.

Ukihitaji majina peke yake, tumia dir /b /a-d, safu zisikusumbue. Ukihitaji na ukubwa, programu iulize kwanza kwa ver, amri inayotaja toleo la Windows, ijue isome kwa mpangilio upi. Na uwe mwangalifu na *.htm, yaani jina lolote linaloishia na .htm: pale majina mafupi yanapotumika, inakuletea na mafaili ya .html, kwa sababu mfumo unalinganisha pia na jina fupi, ambalo kiambishi chake kina herufi tatu tu. Kwenye dir ni usumbufu tu. Kwenye del, amri ya kufuta, unafuta kazi ya mtu, kwa hiyo endesha dir kwa *.htm ileile kwanza, uone kinachokuja.