Kabla ya kugombania msikiti wa kale, someni mwaka ulioandikwa mihrabuni

Nimekuwa katibu wa kamati ya msikiti wetu hapa Mikindani, Mtwara, kwa miaka sita, na miwili kati ya hiyo ilimezwa na ugomvi mmoja: tuuvunje tujenge wa ghorofa, au tuombe utangazwe kuwa urithi wa taifa? Watu walisusiana. Kuna ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, ambao kwa miezi kadhaa mmoja aliswali kwetu na mwingine alipita mlangoni akienda msikiti wa mbali. Huku kwetu kusini kuna misikiti na makanisa mengi ya zamani, na jambo hili litawafikia wengine. Ndiyo maana naandika.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kubishana juu ya umri bila kuupima. Juu ya mihrabu, pale anaposimama imamu, kuna mwaka umechorwa kwenye chokaa kwa tarakimu za Kiarabu: 1291. Kijana mmoja aliuchukua, akajumlisha 622, mwaka wa Miladia ambao kalenda ya Kiislamu ya Hijria inaanzia, akapata 1913. Ijumaa ile ile akasimama baada ya swala na kusema jengo hili ni la wakati wa Mjerumani, lina ukale gani? Wazee wakaja juu, maana wao waliambiwa na babu zao kuwa msikiti umepita miaka mia mbili. Pande zote mbili zilikosea. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo ukijumlisha 622 ukaachia hapo, hesabu inakutupa mbali. Mwaka 1291 Hijria ulianza mwanzoni mwa 1874.

Tofauti hiyo ina uzito. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mpaka kwenye mwaka 1863. Jengo lililojengwa kabla ya hapo linaingia kwenye ulinzi kwa umri wake tu. La baadaye linasubiri Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Sisi tulikuwa tumeuvuka mpaka kwa miaka kumi na moja, maana yake uamuzi bado ulikuwa mikononi mwetu, na miezi yote ile tulikuwa tunatishana kwa sheria ambayo hakuna aliyeisoma. Jambo lililotushtua zaidi ni mlango. Mlango wetu wa kuchongwa ulikuwa umeshapata mnunuzi, na bei imetajwa. Kumbe sheria hiyo hiyo inaigusa milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Kama mna mlango wa namna hiyo, msiuguse kabla hamjawauliza watu wa Mambo ya Kale.

Kisha kulikuwa na hofu ya Kilwa. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mkiandikisha tu, tutaanza kukata tiketi kuingia kuswali." Sikumlaumu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao msafiri Ibn Battuta alikikuta kisiwa chake kikiwa na fahari mwaka 1331, leo ni magofu yanayotembelewa na wageni, na umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981 pamoja na Songo Mnara. Lakini ule ulikuwa umeshaachwa na waumini wake muda mrefu kabla ya serikali yoyote kuulinda. Hatukuwa na mtu wa kumweleza mzee hilo kwa upole mwanzoni, na afisa mmoja aliyetujia alizungumza zaidi na wageni waalikwa kuliko na wanaoswali. Hofu ikakua.

Aliyetufungua macho ni bibi mmoja ambaye hakuwa kwenye kamati. Alisimama akauliza, "Nyie mnagombania ukale, sisi wanawake tunatawadha wapi?" Kimya. Hapo ndipo tulipoanza kuandika shida zenyewe. Ijumaa safu tatu zinaswalia nje, juani. Maji ya udhu yanatoka bomba moja. Wanawake wamebanwa barazani. Boriti mbili za dari zimeliwa na mchwa. Tulipomaliza kuandika, tuliona kwamba hakuna hata moja kati ya hizo iliyohitaji kuvunja mihrabu, na hakuna iliyotatuliwa na cheti cha urithi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: chukueni karatasi, mchore jengo, mtie alama sehemu za kale kweli kweli na sehemu zilizoongezwa juzi. Kwetu, mihrabu, ukuta wa mbele, nguzo nne na mlango ndivyo vya 1874. Baraza la nyuma lilijengwa kwa matofali ya saruji, wengi wetu tukiona. Na kwa sisi wa Mtwara kibla ni kaskazini, karibu moja kwa moja, hivyo msikiti unaweza kukua kwa nyuma, kusini, safu zikaongezeka bila kuligusa jiwe la zamani. Jibu lilikuwa mgongoni mwetu miaka yote miwili.

Kanisa la Mtakatifu Petro huko Boerne, Texas, nchini Marekani, lilipitia hayo hayo. Lilikuwa limejengwa mwaka 1923 na nafasi haikuwatosha tena waumini. Mji ukawanyima kibali cha kulipanua kwa sababu ya eneo la kihistoria, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1997 kanisa likashindwa. Baadaye walikaa na mji wakakubaliana: sehemu kubwa ya jengo la kale ibaki, upanuzi ufanywe. Makubaliano hayo yangeweza kuja kabla ya wakili wa kwanza.

Jambo la mwisho, nalo ni la fundi. Msikubali mtu apige lipu ya saruji kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, hata akijitolea bure. Kuta hizi zinapumua kwa chokaa. Saruji inaziba, unyevu na chumvi vinabaki ndani, na baada ya masika machache lipu inabanduka na vipande vya jiwe. Sisi tulishafanya hivyo upande wa mashariki kabla ya yote haya, na hadi leo ukuta ule ndio unaotugharimu. Tafuteni fundi anayejua kuchoma na kuloweka chokaa. Wapo bado, ila ni watu wazima, na wanastahili kupewa kijana wa kufuatana nao.

Barua yetu ya kuomba ushauri imeshakwenda, pamoja na mchoro, picha za mihrabu na orodha ya shida zetu. Mstari wa kwanza wa orodha ni mahali pa wanawake kutawadhia.