Fomu ya maswali tisa ilinipa 14 wakati wa korona, nilikuwa mgonjwa ama ni maisha?

SWALI: Daktari habari ya kazi. Mimi ni mtu wa boda hapa Kondele, Kisumu. 2021 wakati ule kaunti 13 za huku zilifungiwa kuna kijana anasomea unesi alinipigia simu akaniuliza maswali tisa ya mambo ya mawazo, akajumlisha akaniambia nimepata 14 na hiyo ni dipresheni ya kati. Sikufanya kitu, kazi iliporudi nikaendelea tu. Juzi nimejaza fomu hiyo hiyo kwa simu nikapata 11. Sasa nauliza, ile 14 ilikuwa ugonjwa ama ni maisha ilikuwa imebana? Na nimesoma mahali ati dunia nzima dipresheni ilipanda asilimia 25 na korona, kwani mtu mmoja kati ya wanne alikuwa mgonjwa? Tena nikienda hospitali si watanipea dawa, na nasikia hizo dawa ukianza huwachi.

JIBU: Nzuri sana omera, na umeuliza vizuri kuliko watu wengi hata wa kazi yetu.

Hiyo fomu inaitwa PHQ-9. Inauliza wiki mbili zilizopita tu, kila swali unajipa 0 mpaka 3, 0 ni hapana kabisa, 3 ni karibu kila siku, kwa hivyo mwisho ni 27. Kutoka 5 tunaita kidogo, 10 hadi 14 ya kati, 15 hadi 19 inaelekea kali, 20 kwenda juu kali. Lakini kazi yake ni kuchuja, kama vile mama anachekecha unga, kinachobaki juu bado lazima mtu akiangalie kwa macho. Huyo kijana alikosea kukwambia "ni dipresheni" kwa simu, angesema tu nenda ukaonwe.

Sasa angalia hiyo 14 inaweza kutoka wapi. Karibu nusu ya maswali ni ya mwili na kichwa: usingizi, uchovu, hamu ya chakula, kushindwa kutulia kwa kitu kimoja. Juni 2021 kafyu ya huku ilikuwa saa moja jioni mpaka saa kumi alfajiri, na wewe unajua kuliko mimi pesa ya boda iko jioni. Mtu amelala bila mpango, amekula mara moja, anawaza lipa ya pikipiki. Usingizi 3, uchovu 3, chakula 3, umakini 2, huzuni 2, kujiona umeshindwa 1, hiyo ni 14. Jirani yake naye: hakuna kitu kinampa raha 3, huzuni 3, kujilaumu 3, usingizi 2, uchovu 2, mawazo ya kufa 1. Hiyo pia ni 14. Wa kwanza pengine anahitaji kazi irudi na mtu wa kuongea naye, wa pili simwachi atoke kwa mlango wangu bila mpango. Ndio maana mimi hutaka kuona karatasi yenyewe, jumla pekee hainisaidii.

Kusema ni dipresheni, lazima angalau moja ya yale maswali mawili ya kwanza iweko, yaani huzuni ama kukosa raha, sehemu kubwa ya siku na karibu kila siku kwa wiki mbili, halafu na zingine mpaka zifike tano kwa jumla, na iwe inakuharibia kazi ama nyumba, na kusiwe na ugonjwa mwingine ama dawa inayoeleza. Mimi huuliza hivi: Gor Mahia ikifunga bao bado unaruka? Mtoto akikuchekesha unacheka? Ukipata siku nzuri ya pesa, moyo unafunguka hata kidogo ama uko tu vile vile? Mtu ambaye moyo unafunguka mambo yakilegea ananipa matumaini tofauti na yule ambaye hata apate elfu kumi hasikii chochote.

Lakini usinielewe vibaya hapa, manake hapa ndio watu huteleza sana, wakipata sababu wanaona basi ugonjwa haupo. "Ah si ni korona, si ni kazi iliisha." Sababu kuwepo haifuti ugonjwa. Kuna watu walianza na shida ya unga na ikaishia dipresheni kamili, na unga uliporudi yenyewe haikurudi nyuma. Hata kufiwa ni hivyo. Huku kwetu mazishi ni kitu kikubwa, na 2020 watu walizika haraka haraka, waombolezaji wachache, hakuna kukesha, na ule mwili uliozikwa usiku kule Siaya mwezi wa Aprili kila mtu aliona. Msiba wa kawaida huja kwa mawimbi, leo unalia kesho unamkumbuka marehemu unacheka, na bado unajiona mtu. Ukifika mahali unajiona bure kabisa kila siku, hapo tumetoka kwa msiba tu.

Kuhusu asilimia 25, hapana, si mmoja kati ya wanne. Ni nyongeza juu ya ile iliyokuwepo. Shirika la Afya Duniani lilitoa hiyo Machi 2022, likijumlisha dipresheni na wasiwasi kwa mwaka wa kwanza wa korona. Kuna utafiti ulitoka kwa jarida la Lancet Oktoba 2021 ambao ulikadiria dipresheni kubwa ilipanda karibu asilimia 28 mwaka wa 2020, yaani kwa kila watu 1,000, wagonjwa walikuwa kama 25, wakawa kama 32. Kwa dunia nzima hao ni watu milioni 53 zaidi, si mchezo, na wanawake na vijana ndio waliumia sana. Ila data nyingi ilitoka Ulaya na Marekani, Afrika ilikuwa kidogo mno, kwa hivyo namba za sehemu kama hizi zetu zilikisiwa kutokana na maambukizi na vile watu waliacha kutembea.

Na ukisikia mtu anasema alipiga watu simu na fomu ikaonyesha nusu yao wana dipresheni, tulia. Chukua watu 1,000, sema 30 ni wagonjwa kweli, na fomu inapatia 85 kwa 100 pande zote mbili, kwa wagonjwa na kwa wazima. Itashika wagonjwa kama 25 hivi, na itashika wengine karibu 145 ambao si wagonjwa. Na hiyo ni kabla hujaongeza njaa na kafyu.

Sasa 11 yako ya juzi. Hiyo ndio inanishughulisha kuliko 14, manake kafyu iliisha Oktoba 2021 na hujaniambia nini inakubana saa hii. Nenda hospitali ya Jaramogi, ile tunaita Russia, ama hospitali ya serikali iliyo karibu, uliza huduma ya afya ya akili, beba fomu yenyewe. Waambie dawa zote unazotumia, kuna mtu alikuwa anameza ARV zenye efavirenzi na kumbe ndizo zilikuwa zinamvuruga moyo na ndoto. Upungufu wa damu, shida ya tezi ya shingo, pombe, vyote viulizwe. Uwaambie pia kama umewahi kuwa na siku nyingi ulikuwa juu juu, hulali na huchoki, hiyo inabadilisha dawa kabisa. Na lile swali la tisa, la kutamani kufa ama kujiumiza, ukijaza chochote zaidi ya 0 usingoje kliniki ya wiki ijayo, nenda leo ama piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, hata kama jumla yako ni 4.

Dawa: kwa 11 wengi tunaanza na kuongea na kurudisha shughuli pole pole, dawa inakuja kama hiyo haisaidii ama uko na historia mbaya. Fluoksetini, ambayo ni dawa ya dipresheni, haina arosto kama ya pombe, huichukui leo ukaitafuta kesho kwa nguvu. Inachukua wiki mbili mpaka nne kuanza kufanya, wiki ya kwanza tumbo linaweza kuchafuka, na ukipona unaendelea angalau miezi sita, halafu unapunguza na daktari. Wanaosema hawakuweza kuacha wengi waliacha ghafla, wakasikia vibaya, wakarudi. Na mwambie anayekuandikia kwamba unaendesha pikipiki, manake akikupa amitriptilini, dawa nyingine ya dipresheni, inalaza, na hutaki kujua hivyo ukiwa na abiria hapo raundabauti ya Kondele.