Dripu ya vyungu nyumbani: pima maji kwanza, taima baadaye

Ukifunga dripu, yaani mipira inayodondoshea kila chungu maji tone kwa tone, taima ya kufungua na kufunga maji kwa saa nunua mwisho. Wengi wanaoanza hukimbilia hiyo kwanza, maana ndiyo inayovutia: ina kioo, ina namba, na inakupa imani kwamba utashuka Kyela wiki nzima na kurudi ukute spinachi zimesimama. Lakini taima haijui kumwagilia, inajua kufungua na kufunga tu. Maji kiasi gani yafike kwenye kila chungu, hilo huamuliwa na kimo cha pipa, aina ya dripa (kidude cha mwisho wa mpira kinachodondosha maji) na udongo uliojaza. Hayo matatu unayapima mwenyewe kwa kopo na saa.

Tuanze na chanzo cha maji. Usiunge dripu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Kwenye miji yetu maji huja kwa zamu, na yakirudi hutangulia hewa, kisha maji ya rangi ya chai yenye tope. Usiku watu wakilala presha hupanda, na vimpira vilivyoshika vizuri mchana hufyatuka. Tumia pipa la plastiki la lita 200 lililoinuliwa, lenye mfuniko, na kama unaweza weka boya ili lijijaze lenyewe maji yakitoka. Pipa lina faida nyingine ambayo wageni hawaifikirii: kama hukuweka boya, taima ikikwama ikiwa wazi, unapoteza lita 200 tu. Ukiunga kwenye tangi la lita 5,000, nyumba nzima inakosa maji.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Chungu cha lita 10 chenye hoho, nyanya au sukuma iliyokomaa huhitaji kama nusu lita hadi lita moja kwa siku wakati wa kiangazi. Juni na Julai, baridi ikiwa kali, nusu lita inatosha. Septemba na Oktoba, jua likiwa kali na upepo ukivuma, hasa Iringa, karibia lita moja. Tuseme una vyungu 24 na kila kimoja unakipa mililita 600: hiyo ni lita 14.4 kwa siku, na kwa siku kumi ni lita 144. Pipa moja linatosha, na linabaki na akiba. Ukiwa na vyungu 40, pipa hilo halifiki siku kumi, na hakuna taima itakayolibadilisha hilo.

Sasa kimo, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kila mita moja ya kimo cha maji juu ya dripa hukupa presha ya takribani baa 0.1. Dripa iliyoandikwa lita 4 kwa saa imepimwa kwa baa 1, yaani kimo cha mita 10. Pipa lako haliko huko. Mtiririko wa dripa ya kawaida hufuata kipeuo cha pili cha presha: kwa mita 2, dripa ya lita 4 hutoa kama lita 1.8 kwa saa. Haina shida, ilimradi ujue. Kwa dripa hiyo, mililita 600 ni dakika 20.

Pipa likikaa chini sana, linaleta tatizo jingine. Ukiliweka sentimita 30 tu juu ya dripa, likijaa maji yako kwenye kimo cha mita 1.1 hivi, na likikaribia kuisha ni sentimita 30. Mtiririko unashuka hadi karibu nusu. Chungu kilichopata mililita 600 Jumatatu kinapata 300 Jumapili, bila wewe kugusa kitu. Ukilipandisha hadi mita 1.5, likijaa ni mita 2.3, na likiisha upungufu ni kama asilimia 20 tu, ambao mmea hauushtukii. Kwa hiyo fedha ya kwanza itumie kwenye kichanja. Maji ya lita 200 ni kilo 200, kwa hiyo jenga kwa tofali au mbao za mbili kwa nne zenye mikingamo ya mshazari pande zote, chini pawe pagumu, na watoto wasiweze kulipanda wala kulisukuma.

Dripa za kuchagua ni zile ndogo za kawaida za lita 2 au 4 kwa saa. Kuna mbili za kukwepa. Ya kwanza ni ile inayosawazisha presha: nzuri sana shambani kwenye pampu, lakini nyingi huhitaji baa 0.5 au zaidi ndipo zifanye kazi sawasawa, na kwa pipa la mita 2 zitakutolea maji ovyo au zisitoe kabisa. Ya pili ni ile ya kifuniko cha kuzungusha. Inaonekana rahisi, ila kwa presha ndogo ukizungusha kidogo tu inamwaga, na vyungu vya mwanzo vinakunywa maji ya vyungu vya mwisho. Utazunguka navyo asubuhi nzima bila kuvilinganisha.

Vifaa vingine ni hivi: koki ya robo tatu ya inchi na kiungo cha pipa chenye washa za mpira, chujio la diski au wavu la meshi 120, mpira mweusi wa milimita 16, vimpira vyembamba vyeusi vya milimita 4, vijiti vya kushikilia dripa, kitobozi cha milimita 3, vizibo vya matundu yaliyokosewa, na tepu ya nyuzi za bomba. Mpira mweupe unaopitisha mwanga usiununue hata kwa bei ya kutupa. Kwa jua la huku, ndani ya wiki chache utaota ukijani, na ukijani ndio unaoziba dripa.

Toboa pipa sentimita 8 hadi 10 kutoka chini. Hiyo nafasi ya chini ni ya tope. Unamwachia tope sehemu yake ya kulala, naye hakufuati kwenye mpira. Kisha fuata mpangilio huu: koki, chujio, taima, halafu mpira wa milimita 16. Chujio lina mshale, uelekee maji yanakokwenda. Nyuzi za plastiki kaza kwa mkono tu. Spana huzipasua, na ufa hauonekani mpaka pipa lijae.

Asubuhi ya baridi mpira unakuwa mgumu kama fimbo. Usiulazimishe. Chovya ncha yake kwenye kikombe cha maji ya moto kwa nusu dakika, uingize kwenye kiungo ukiwa laini, usubiri upoe. Ukiupaka mafuta utaingia kirahisi, na utatoka kirahisi vilevile. Tena usiuvute ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Mchana wa Julai mpira mweusi hupata joto na kurefuka, usiku hupoa na kufupika, na kiungo kilichokazwa huchomoka saa tisa usiku wakati wewe umelala. Acha ulegevu kidogo kila baada ya mita mbili tatu.

Matundu ya vimpira vidogo yatoboe kwa kitobozi. Msumari wa moto, ambao mafundi wengi wanaupenda, huyeyusha plastiki na kuacha mdomo usio wa duara. Leo hautavuja. Utavuja baada ya mwezi.

Weka mpira mkubwa kwenye usawa mmoja kadiri uwezavyo. Kama vyungu vingine viko kwenye ngazi za baraza na vingine chini uani, taima ikifunga, maji yote yaliyobaki kwenye mpira yatashukia chungu cha chini kabisa. Ndicho kitakachoanza kuoza mizizi, nawe utadhani ni ugonjwa. Dawa yake ni kugawa mistari miwili, wa juu na wa chini, kila mmoja na koki yake. Na dripa isizikwe. Ikae juu ya udongo kwenye kijiti chake, sentimita mbili hivi, kwa sababu maji yakikatika mpira hunyonya, na dripa iliyolala kwenye udongo hunyonya tope.

Kabla ya kupeleka dripa kwenye vyungu, pima. Chukua chupa tupu za maji za ukubwa mmoja. Ingiza dripa ya kwanza, ya katikati na ya mwisho kila moja kwenye chupa yake, fungua dakika 15, funga, halafu panga chupa mezani uangalie usawa wa maji. Ya mwisho ikiwa na angalau tisa ya kumi ya ile ya kwanza, kazi ni nzuri. Ikipungua zaidi ya hapo, tafuta mpira uliopindika, chujio chafu, au kipande cha plastiki kilichobaki wakati wa kutoboa. Kabla ya kuziba mwisho wa mpira fungulia maji yapite bure dakika mbili. Vipande hivyo utaviona vikitoka.

Udongo nao una tabia yake. Fungulia kiasi ulichopanga, subiri saa moja, kisha chimba kidogo kwa kijiko pembeni mwa dripa moja. Kwenye mchanganyiko wenye mchanga mwingi au vijiwe vyepesi vya volkano vya upande wa Rungwe, sehemu yenye unyevu inakuwa nyembamba na ndefu kama karoti. Kwenye udongo mzito inatanuka kama kitunguu. Ikiwa ni karoti na chungu ni kipana kuliko sentimita 30, weka dripa mbili zinazotazamana, la sivyo nusu ya mizizi haitaona maji.

Na kuna udongo uliokauka kabisa, hasa wenye samadi nyingi. Huo hujitenga na ukuta wa chungu, maji yakateremka pembeni na kutokea chini, katikati pakabaki vumbi. Kwenye kisahani unaona maji, mmea unanyauka, unaongeza maji, hali ileile. Loweka chungu hicho kwenye beseni nusu saa, kisha panga dripu mara mbili fupi: dakika 10, pumziko la nusu saa, dakika 10 tena. Mgawanyo huu tunaupendelea kwa vyungu vyote, kwa sababu mguso wa kwanza hulainisha udongo na wa pili ndio unaoshuka kwenye mizizi.

Mikaktasi na mishubiri itoe kwenye mstari. Haina kosa, ila ratiba ya spinachi itaiua.

Sasa ndipo taima. Zipo za aina mbili, na kwa nje zinafanana. Moja ina kiwambo kinachohitaji presha ya maji ili kifunguke na kufunga; soma kwenye boksi, ikiandikwa kiwango cha chini kuanzia baa 0.2 hadi 0.5, si ya pipa lako. Tatizo si kwamba itagoma kufunguka tu, bali inaweza kufunguka na isifunge vizuri. Unayotaka ni ile ya koki ya tufe (ball valve) inayozungushwa na mota ndogo, iliyoandikwa kuanzia baa 0. Betri weka mpya za alkali, na badilisha kabla ya safari hata kama bado zinaonyesha uhai, kwa sababu zikiisha wakati koki iko wazi, itabaki wazi.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni la saa. Taima huhesabu kuanzia saa sita usiku. Saa moja asubuhi ni 7:00, saa kumi jioni ni 16:00. Ukiandika 1:00 ukidhani ni saa moja asubuhi, dripu inafunguka saa saba usiku, nawe asubuhi unakuta udongo umelowa na huelewi. Sisi huanzia saa moja na nusu hadi saa mbili asubuhi, na Septemba na Oktoba tunaongeza mara moja fupi saa tisa alasiri. Makete, Njombe na maeneo ya Kitulo, usiku wa jalidi futa maji kwenye taima na uiingize ndani. Maji yakiganda humo yanaipasua.

Iendeshe siku saba ukiwa nyumbani kabla ya kuiachia nyumba. Kila asubuhi inua vyungu vitatu vilevile. Uzito utakuambia kama unazidisha au unapunja. Chujio lioshe kila wiki mwezi wa kwanza, baadaye kila wiki mbili, pamoja na kufungua mwisho wa mpira dakika moja. Dripa yenye ganda jeupe ilaze kwenye siki usiku kucha. Kama unatia mbolea ya chumvichumvi, mara moja kwa mwezi mwagilia kwa ndoo mpaka maji yatoke chini ya chungu, yaondoke na chumvi ambayo matone hayawezi kuiosha.

Mvua zikishika, Novemba au Desemba kutegemea ulipo, zima taima, toa betri, fungua miisho yote mpira ukauke. Vyungu vilivyo chini ya paa la baraza usivisahau: mvua haivifikii, na mara nyingi mimea yake ndiyo inayokufa kwa kiu wakati uani kumejaa maji. Viachie mstari wake, dakika chache kila baada ya siku mbili.