Jibu: Msumbiji iko Afrika Mashariki au Kusini?
Ndugu, umeuliza mbona Msumbiji iko Mashariki kwenye jedwali moja na Kusini kwenye jingine. Majedwali yote mawili ni sahihi, ila waliogawa kanda za Afrika ni tofauti. Umoja wa Mataifa hugawa kwa ajili ya takwimu tu: Kusini kuna nchi 5 (Afrika Kusini, Botswana, Eswatini, Lesotho, Namibia), huku Msumbiji, Malawi, Zambia na Zimbabwe zikihesabiwa Mashariki. Umoja wa Afrika huziweka hizo nne Kusini pamoja na Angola, na Burundi, jirani kabisa wa Tanzania, huiweka Afrika ya Kati! Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ni ya mkataba, nchi hujiunga nayo badala ya kupangwa kwa kanda, ndiyo maana Kongo (DRC) iliingia 2022. Kabla hujalinganisha wastani wowote, soma tanbihi ya jedwali uone nchi zilizohesabiwa.